Kijani Mtandaoni: Waliovunja Rekodi kwa Sifa na kwa Aibu

Zamani kampuni ikipanda miti iliita waandishi wa habari, ikawapa chai na taarifa iliyopigwa chapa, kisha ikasubiri gazeti la kesho. Siku hizi inajipiga picha yenyewe, inajiandikia maelezo yenyewe, na kabla miche haijamwagiwa maji habari imeshafika Instagram, Facebook, X na TikTok. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mitandaoni vyote viwili vinatembezwa, tena kwa picha zinazofanana, na mteja ndiye anayeachiwa kazi ya kuvitenganisha.

Orodha hii inakusanya kampeni za mazingira zilizozipita nyingine kwa ukubwa, kasi, gharama au fedheha. Sharti la kuingia ni moja: pawe na kitu kinachohesabika, iwe miti, dola, siku au kura. Nyingi ni za kampuni. Chache ni za watu waliozilazimisha kampuni zijibu. Ukizisoma kwa pamoja utaona jambo linalojirudia: aliyetaja namba ambayo mtu mwingine anaweza kuihakiki alisimama, na aliyetaja sifa isiyo na kipimo aliumbuka.

Ahadi iliyobonyezwa kuliko zote: laiki zaidi ya milioni 15

Januari 2019 picha ya yai la kuku, yai tu juu ya mandhari meupe, iliivunja rekodi ya Instagram ya Kylie Jenner, aliyekuwa na laiki milioni 18. Dunia ilikuwa imegundua kwamba watu wasiojuana wanaweza kukubaliana kubonyeza kitu kimoja. Miezi mitatu baadaye, kuelekea Siku ya Dunia ya Aprili 22, kampuni ya nguo ya Canada iitwayo tentree iliutumia ugunduzi huo. Ilitoa picha na ahadi fupi: kila laiki 10, mti mmoja. Lengo lilikuwa laiki milioni 5, yaani miti 500,000 nchini Indonesia. Laiki zikapita milioni 15.

Ahadi ile haikuwa ya kubahatisha. Biashara yenyewe ya tentree imejengwa juu ya kulipia miti kumi kwa kila nguo inayouzwa, ndiyo maana ya jina lake, kwa hiyo wapandaji walikuwepo na bei ya mche ilijulikana. Hata hesabu ilikuwa ya tahadhari: laiki kumi kwa mti, si laiki moja.

Ahadi iliyofutwa upesi kuliko zote: dakika 10

Novemba 2021 Instagram ilikuwa imeleta kibandiko kinachomwezesha kila mtu kuongeza picha yake kwenye mnyororo wa picha za wengine. Plant A Tree Co. ikakitumia kutangaza kwamba itapanda mti mmoja kwa kila picha ya mnyama wa kufugwa. Paka, mbwa, sungura na kasuku wakamiminika. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba ilitambua mara moja kuwa jambo litaizidi uwezo, ikaifuta baada ya dakika 10.

Ilikuwa imechelewa. Kibandiko kikishatoka mikononi mwa mwenyewe kinaendelea kutembea bila yeye, na picha zikapita milioni 4. Kampuni ikabaki na deni la miti milioni 4 ambayo haikuweza kuilipia, ikageuka kuomba michango ya wananchi kwa shirika la upandaji. Tofauti yake na tentree si nia. Ni maandalizi: mmoja alikuwa na wapandaji na alijua bei ya mche, mwingine aliacha mlango wazi.

Changizo lililopaa kwa kasi kuliko yote: dola milioni 20 kwa siku 55

Mei 2019 kijana wa YouTube anayejulikana kama MrBeast, Jimmy Donaldson, alifikisha wafuasi milioni 20. Mashabiki wakamtania: basi panda miti milioni 20. Akaugeuza utani kuwa kazi. Oktoba 25, yeye na mwenzake Mark Rober walizindua #TeamTrees pamoja na Arbor Day Foundation ya Marekani, kwa hesabu ambayo hata mtoto anaielewa: dola moja, mti mmoja. Desemba 19 lengo lilikuwa limefikiwa, siku 13 kabla ya muda waliojiwekea kwisha.

Wakuu wa kampuni waliingia kwa kushindana hadharani. Elon Musk wa Tesla alilipia miti 1,000,000. Tobi Lütke wa Shopify akaja na 1,000,001. Mti ule mmoja wa ziada ulizungumzwa mtandaoni kuliko milioni iliyoutangulia, na huenda ndio mti uliotangaza biashara kwa bei nafuu kuliko yote. Mwaka 2021 jozi hiyohiyo ikarudi na #TeamSeas, safari hii dola milioni 30 za kuondoa taka baharini, fukweni na mitoni.

Hashtegi iliyolala muda mrefu kuliko zote: miaka 4

Mwaka 2015 kampuni ya Marekani ya vifaa vya kambini, UCO Gear, ilianzisha #trashtag ili kuwahimiza wapenda matembezi ya porini waokote taka njiani. Ilipata wafuasi wachache waaminifu, kisha ikasinzia kama hashtegi nyingi zinavyosinzia.

Machi 2019 mkazi mmoja wa Phoenix, Arizona, aliiamsha kwenye Facebook. Aliweka picha mbili za kijana yuleyule mahali palepale. Katika ya kwanza amekaa kwenye majani makavu, amezungukwa na chupa na mifuko iliyotapakaa. Katika ya pili majani yapo, kijana yupo, taka ziko ndani ya mifuko mikubwa iliyofungwa. Maelezo yaliwalenga vijana waliochoka kukaa bila shughuli: tafuteni mahali pachafu, pigeni picha, safisheni, pigeni tena. Ujumbe ukasambazwa mara zaidi ya 300,000, na picha za jozi zikaanza kuingia kutoka India, Vietnam, Algeria na kwingineko.

Kwa miaka minne jina lilikuwepo, kazi ilikuwepo, kilichokosekana ni namna ya kuthibitisha. Picha mbili za pembe moja zilitosha. Hakuna aliyelazimika kuamini maneno ya kampuni, na wengi walioshiriki hawakuwahi hata kuisikia.

Duka lililovuma kwa kufungwa: milango 143

Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Novemba ni siku ya mauzo makubwa nchini Marekani. Mwaka 2015 REI, ushirika unaouza vifaa vya nje, ulifunga maduka yake yote 143 siku hiyo, ukawalipa wafanyakazi zaidi ya 12,000 mshahara wa kawaida na kuwaambia watoke wakaone milima. Hashtegi ya #OptOutside iliwavuta zaidi ya watu milioni 1, na mwaka uliofuata kampeni ikatwaa Titanium Grand Prix kwenye tuzo za matangazo za Cannes. Mwaka 2022 REI ilitangaza kwamba kufunga siku hiyo ni desturi ya kudumu.

Ijumaa kama hiyo mwaka 2016, Patagonia ilifungua maduka lakini ikaahidi kutoa mapato yote ya siku, si faida tu, kwa vikundi vya mazingira. Ilitarajia dola milioni 2. Zikaja milioni 10.

Kura chache zilizozaa kelele nyingi: 199

Novemba 2, 2020 Shell iliuliza Twitter: uko tayari kubadilisha nini ili kupunguza hewa ukaa? Wapiga kura walipewa majibu manne, yakiwemo kuacha kupanda ndege na kununua gari la umeme. Waliopiga kura walikuwa 199. Waliojibu kwa hasira walikuwa maelfu kwa maelfu. Mbunge wa Marekani Alexandria Ocasio-Cortez alisema yuko tayari kuiwajibisha kampuni hiyo kwa miaka 30 ya kupotosha kuhusu tabianchi. Mwanaharakati wa tabianchi Greta Thunberg naye hakunyamaza.

Swali lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulikuwa kwa muulizaji: kampuni inayochimba mafuta kumwuliza mnunuzi wa lita kumi ni kipi atakachojinyima. Kati ya majibu manne hakukuwa na hata moja lililoihusu Shell.

Jitu lililosalimu amri kwa kasi: miezi 2

Machi 17, 2010 shirika la mazingira la Greenpeace lilitoa video ya mfanyakazi wa ofisini anayefungua KitKat na, bila kuangalia, anatafuna kidole cha orangutangu. Lengo lilikuwa mafuta ya mawese ambayo Nestlé ilikuwa ikiyapata kutoka kwa wakataji misitu wa Indonesia. Nestlé ikaomba YouTube iiondoe kwa hoja ya hakimiliki. Kuondolewa kwake ndiko kulikoipa mbio: watu wakaipakia upya kila mahali, wakageuza nembo ya KitKat isomeke muuaji, wakaiweka kama picha zao na kwenda nayo kwenye ukurasa wa Nestlé wa Facebook.

Hapo msimamizi wa ukurasa akafanya kosa ambalo hadi leo linafundishwa kwa maofisa uhusiano. Alitangaza kwamba maoni yenye nembo zilizochezewa yatafutwa, kisha akaanza kubishana na wateja mmoja mmoja kwa kejeli, kabla ya kuomba radhi. Mei 17 Nestlé ilitangaza sera mpya ya mawese na kulikabidhi shirika la The Forest Trust kazi ya kukagua wasambazaji wake. Siku 61 kutoka kubisha hadi kukubali.

LEGO ilipinga kwa muda mrefu kidogo. Mwaka 2014 video ya Greenpeace ya mji wa vitofali unaozama polepole kwenye mafuta meusi ilitazamwa mara mamilioni, na ilipofika Oktoba kampuni ilisema haitahuisha mkataba wake na Shell.

Tangazo lililofaidi marufuku kuliko yote

Novemba 2018 maduka ya Iceland ya Uingereza yalitaka filamu fupi kuhusu mtoto wa orangutangu, yenye sauti ya Emma Thompson, iwe tangazo lao la Krismasi. Chombo kinachoidhinisha matangazo ya televisheni kilikataa kwa kuwa filamu ilitoka Greenpeace, hivyo ikahesabika kuwa ya kisiasa. Mtandaoni ikatazamwa makumi ya mamilioni ya mara, idadi ambayo tangazo la kawaida la duka la vyakula haliioti.

Bili ilifika Januari. Iceland ilikuwa imeahidi kuondoa mawese katika vyakula vyote vya chapa yake kufikia mwisho wa 2018. BBC ilipokagua ikakuta baadhi yake bado vina mawese, na kwamba kwa bidhaa 17 kampuni ilichagua njia ya mkato: badala ya kutoa mawese kwenye chakula, ilitoa jina lake kwenye pakiti. Mamilioni walikuwa wameiona filamu. Wote sasa walikuwa mashahidi.

Uongo uliogharimu zaidi: zaidi ya euro bilioni 30

Volkswagen iliwauzia Wamarekani "dizeli safi" kupitia Super Bowl, magazeti na mitandao ya kijamii. Mwaka 2015 ilisambaza video za ajuza watatu wanaobishana kuhusu dizeli. Katika mojawapo, mmoja anatoa kitambaa chake cheupe cha shingoni, anakiweka kwenye bomba la moshi huku gari likiunguruma, kisha anakionesha: hakina doa.

Kitambaa kilisema kweli na kudanganya kwa wakati mmoja. Gesi iliyokuwa tatizo, oksidi za nitrojeni, haichafui nguo; inachafua mapafu. Septemba 18 mwaka huohuo mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba magari yalifungwa programu inayotambua yanapopimwa na kuyafanya yapumue vizuri maabara tu. Barabarani yalitoa gesi hizo hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Magari milioni 11 duniani yalihusika. Video zikaondolewa, na tuzo za gari la kijani ambazo Jetta na Audi A3 za dizeli zilikuwa zimepewa zikanyang'anywa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilichukua miaka saba na watafiti wa West Virginia waliobeba vipimo vyao hadi barabarani.

Ndege ya kwanza kutua mahakamani kwa sifa: madai 15 kati ya 19

Mwaka 2019 KLM ilianza kampeni ya kusafiri kwa uwajibikaji, ikawashauri hata abiria wafikirie treni kwa safari fupi. Machi 20, 2024 Mahakama ya Amsterdam ilipitia kauli zake 19 na kuona 15 zinapotosha, kwa kuwa zilikuwa za jumla mno au zilipamba mchango wa miti na mafuta mbadala. Haikuwa KLM peke yake. Watafiti wa Harvard waliochambua machapisho zaidi ya 2,300 ya kampuni za magari, ndege na mafuta za Ulaya katika kiangazi cha 2022 walikuta majani, maji na anga la bluu kila kona, huku mabadiliko ya tabianchi yenyewe yakitajwa kwa nadra sana.

Ukimya mkubwa kuliko wote wa siku moja

Mwaka 2024 Pathways Alliance ulikuwa muungano wa kampuni sita zilizozalisha karibu mafuta yote ya mchanga wa lami nchini Canada. Kwa muda ulitangaza kila mahali kwamba uko njiani kufikia uzalishaji sifuri wa hewa ukaa. Juni 20, 2024 sheria mpya ilianza kuitaka kampuni inayodai kusaidia mazingira iwe na ushahidi wa kutosha, unaopimwa kwa njia zinazokubalika kimataifa, la sivyo faini inaweza kufika asilimia 3 ya mapato yake ya dunia nzima. Wakati huohuo Pathways ilifuta kila kitu kwenye tovuti na kurasa zake za kijamii. Muungano ulieleza kwamba sheria haieleweki vizuri na ina hatari. Wakosoaji waliuliza: kama ushahidi upo, unafichwa kwa nini?

Si wachafuzi tu wanaonyamaza. Mwaka 2022 kampuni ya ushauri ya South Pole iliuliza zaidi ya kampuni 1,200 duniani. Karibu robo ya zile zenye malengo yaliyothibitishwa kisayansi hazikukusudia kuyatangaza. Hofu ya kuitwa mwongo imeanza kuwafunga midomo hata wakweli, na hivyo mshindani hana wa kumwiga.

Jahazi lililosafiri mbali kwa plastiki: kilomita 500

Pwani yetu ina rekodi yake. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini Flipflopi, jahazi la tanga la kwanza duniani kuundwa lote kwa plastiki iliyorejelewa. Tani 10 za taka ziliyeyushwa zikawa mkuku, mataruma na mbao, na ubavu ukavishwa kandambili 30,000 zilizookotwa. Mwaka uliofuata lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga kila mji na kupigwa picha kila bandari.

Hakuna ofisa masoko angeweza kulipata tangazo kama hilo kwa pesa. Rangi zile za waridi, buluu na njano zilisimama vyema kwenye simu ndogo, na mtu akiuliza taka zimekwenda wapi, alioneshwa chombo chenyewe.

Hashtegi iliyofika kwenye sheria: Agosti 28, 2017

Mpigapicha wa Nakuru nchini Kenya, James Wakibia, alianza kwa kupiga picha mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye miti na mitaro, akazitundika Twitter kwa hashtegi ya #ISupportBanPlasticsKE. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Judi Wakhungu, aliiunga mkono. Chama cha wenye viwanda kilipinga, kikionya kuhusu ajira zaidi ya 60,000. Marufuku ya mifuko hiyo ikaanza Kenya hata hivyo, na adhabu ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania Bara ilifuata Juni 1, 2019. Duka lolote la jumla linalojisifu leo kwa mifuko yake ya kitambaa lina deni kidogo kwa picha zile za mtaroni.

Daftari lililo wazi kuliko yote: kila mwezi

Ecosia, injini ya utafutaji iliyoanzishwa Berlin mwaka 2009 na Christian Kroll, hutumia faida ya matangazo yake kulipia miti, ikiwemo ya Tanzania, Kenya na Uganda. Ilifikisha miti milioni 100 mwaka 2020 na milioni 200 mwaka 2023. Rekodi yake hapa, lakini, ni ya karatasi: huchapisha hesabu zake kila mwezi, mapato, matumizi na kiasi kilichokwenda kwenye miti, ziwe nzuri au mbaya. Mwaka 2018 Kroll alijifunga kisheria asiweze kuiuza kampuni wala kujichotea faida.

Kundi lisilo na mshindi

Nafasi ya mwisho tumeiacha wazi, na kampuni yoyote ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala inaweza kuichukua. Kila masika huja picha ileile: fulana mpya zenye nembo, mkurugenzi ameinama na jembe lisilowahi kugusa udongo, watu watatu wameushika mche mmoja, na bango nyuma linataja maelfu. Mwaka wa pili kampuni hutafuta uwanja mwingine na waziri mwingine.

Rekodi inayotafutwa ni ya kurudi palepale kwa miaka mitano mfululizo, kupiga picha kutoka pembe ileile, na kuandika chini yake mistari minne: aina ya mti, iliyopandwa, iliyo hai, na anayelipwa kuimwagilia. Ikifa nusu, iandikwe nusu. Gharama ni mshahara wa mtu mmoja na nauli ya mpigapicha. Na mteja akiona kampuni imekiri kwamba miche 400 kati ya 1,000 ilikauka, ataiamini inaposema 600 imesimama.